Folda imegoma kufutika baada ya kuondoa programu: mtafute kwanza anayeishikilia

Umeondoa programu kwenye Windows, ukaambiwa imeondoka, lakini ukifungua C:\Program Files (x86) folda yake bado ipo. Unaichagua, unabonyeza Delete, Windows inakataa. Unajaribu tena, inakataa tena. Wengi hapa Dar es Salaam wakifika hapo hubeba kompyuta hadi kwa fundi, Kariakoo au Mwenge, na mara nyingi jibu wanalopewa ni moja: tupige Windows upya. Jibu hilo linaniuma, na ndiyo sababu nimeandika mwongozo huu. Kupiga Windows upya kwa ajili ya folda moja ni kumpotezea mtu siku yake na bando la kupakua kila kitu tena, na wakati mwingine anapoteza mafaili ya kazi ambayo hakuna aliyekumbuka kuyahamisha.

Folda haigomi bila sababu. Ama kuna programu inayoitumia wakati huo, ama akaunti yako haina ruhusa juu yake, ama jina lake lina kasoro, ama diski yenyewe ina hitilafu. Ukishajua ni ipi kati ya hizo, kufuta ni kazi ya dakika chache. Usipojua, utakuwa unarusha amri za nguvu gizani, na amri hizo hazichagui kati ya takataka na mali.

Karibu kila kitu humu kinafanyika kwa vifaa vilivyomo tayari ndani ya Windows 10 na Windows 11. Unachohitaji ni akaunti yenye haki za msimamizi wa kompyuta. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kabla ya kufuta: hakikisha ni takataka kweli

Programu inapoondolewa, kwa kawaida huondoa yale iliyokuja nayo siku ya kusakinishwa. Yaliyozaliwa baadaye, kama mipangilio yako, kumbukumbu za makosa, mafaili ya muda na masasisho, mara nyingi huachwa. Umeme ukikatika katikati ya kuondoa, kama inavyotokea kwa kompyuta za mezani zisizo na UPS (kifaa cha akiba ya umeme), kinachobaki huwa kingi zaidi, kwa sababu kazi iliishia njiani.

Lakini kuna folda zinazoachwa kwa makusudi, kwa sababu zina kazi yako ndani. Hapa naomba uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwongozo huu, hasa kama ni kompyuta ya duka au ofisi. Programu za uhasibu zinazotumika sana mjini huweka vitabu vya biashara nje ya folda ya programu yenyewe. QuickBooks ya kompyuta kwa kawaida huvihifadhi chini ya C:\Users\Public\Documents\Intuit, katika mafaili yanayoishia na .QBW. TallyPrime huweka data yake chini ya C:\Users\Public\TallyPrime\data, isipokuwa aliyeisakinisha alichagua pengine. Ukiona folda ya namna hiyo, hayo si masalia. Ni mauzo, madeni na stoo ya mtu. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na afisa wa TRA akizihitaji hatapokea maelezo kwamba zilifutwa pamoja na programu.

Kwa hiyo fungua folda, ingia hadi ndani kabisa, tazama aina za mafaili na tarehe zake. Ukibaki na shaka hata kidogo, nakili folda nzima kwenye flashi au diski ya nje kwanza.

Kisha hakikisha programu yenyewe imeondoka kweli. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika appwiz.cpl, bonyeza Enter. Kama jina la programu bado limo kwenye orodha, liondoe hapo kwanza. Likikataa kuondoka, sakinisha programu ileile upya, toleo lilelile, juu ya mabaki yake, kisha iondoe tena. Njia hii mara nyingi hufaulu pale ambapo uondoaji wa mwanzo uliishia katikati.

Zipo pia folda ambazo hata zikionekana za ajabu au kubwa mno hazifutwi kwa mkono: C:\Windows\Installer, C:\Windows\WinSxS, C:\Program Files\Common Files, C:\Program Files\WindowsApps, C:\ProgramData\Microsoft na C:\ProgramData\Package Cache. Zinatumiwa na programu nyingine, au na Windows yenyewe.

Washa upya, na iwe Restart

Hatua hii watu wengi hudhani wameshaifanya. Wamebofya Shut down, wakasubiri taa zizime, wakawasha. Tangu Windows 8, kuna mpangilio uitwao Fast Startup ambao unapozima kompyuta huihifadhi sehemu ya ndani ya mfumo kwenye diski na kuirudisha vilevile unapowasha. Draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa kama printa au modemu, iliyokuwa imebaki kwenye kumbukumbu kabla hujazima inaweza kurudi nawe asubuhi. Kufunga kifuniko cha laptopu ndiyo kabisa, kwa kawaida hapo mashine inasinzia tu.

Restart ndiyo inayoanza mfumo upya kutoka mwanzo. Hifadhi kazi zako, bofya Restart, na kompyuta ikishawaka usifungue programu yoyote. Nenda moja kwa moja kwenye folda ujaribu kuifuta. Ikifutika, umemaliza.

Jaribu kuibadilisha jina

Haijafutika? Ichague, bonyeza F2, ongeza neno mwishoni mwa jina lake, mathalani -kuukuu, na ubonyeze Enter.

Jina likikubali kubadilika, hiyo ni habari njema: huenda hakuna anayeishikilia, na tatizo likawa ndani, kwenye faili moja au mawili. Isitoshe, folda iliyobadilishwa jina haiwezi tena kupatikana na programu inayoitafuta kwa jina la zamani, kwa hiyo washa upya na ujaribu kuifuta. Mimi huipenda hatua hii kwa sababu nyingine pia: ikitokea kwamba folda ilikuwa inahitajika, utaona kitu kimeacha kufanya kazi, na utarudisha jina bila kupoteza chochote.

Jina likikataa, soma ujumbe unaoletwa. Usiufunge haraka, maana ndiyo utakaokuonyesha njia ya kushika.

Ujumbe ukisema folda au faili lililomo ndani limefunguliwa kwenye programu nyingine, kuna anayeishikilia. Ukitaja ruhusa, au majina kama SYSTEM na TrustedInstaller, ambazo ni akaunti za Windows yenyewe, tatizo ni umiliki. Ukisema kitu hicho hakipatikani ilhali unakiona kwa macho, jina lake lina kasoro. Ukilalamika juu ya urefu, njia ya kufikia faili ni ndefu mno. Na ukisema faili au folda imeharibika na haisomeki, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya diski.

Kumtafuta anayeishikilia

Hii ndiyo hali inayojitokeza zaidi. Programu umeiondoa, lakini kipande chake kimoja bado kinafanya kazi chinichini, na Windows haitakubali kufuta faili linalotumika.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika resmon, bonyeza Enter. Litafunguka dirisha la Resource Monitor. Nenda kwenye kichupo cha CPU, tafuta sehemu iliyoandikwa Associated Handles, na kwenye kisanduku chake cha kutafutia andika sehemu ya jina la folda. Subiri kidogo. Itakuja orodha ya programu zilizofungua kitu ndani ya folda hiyo, kila moja na jina lake.

Wapo wanaotumia PowerToys ya Microsoft, ambayo ina kifaa kiitwacho File Locksmith: unabofya folda kwa kitufe cha kulia na unaonyeshwa anayeishika. Ni kizuri, ila PowerToys ni mzigo mkubwa wa kupakua kwa mtu wa bando. Process Explorer, nayo ya Microsoft, ni nyepesi zaidi na inatafuta kwa Ctrl na F. Kwa kazi ya mara moja, resmon inatosha.

Unachokuta humo kwa kawaida ni kimoja kati ya vitatu.

Cha kwanza ni programu ya kawaida iliyobaki ikikimbia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafute kwenye Task Manager, bofya End task. Fungua pia kichupo cha Startup uhakikishe haijiwashi yenyewe kila asubuhi.

Cha pili ni explorer.exe, yaani Windows yenyewe inayokuonyesha mafolda. Programu za kubana mafaili, za kuhifadhi mtandaoni na za kuhariri picha hupenda kujipachika kwenye menyu ya kitufe cha kulia, na faili lao la .dll (kipande cha programu kinachopakiwa na programu nyingine) hubaki limeshikwa na explorer. Funga madirisha yote ya mafolda, kisha ndani ya Task Manager bofya Windows Explorer kwa kitufe cha kulia na uchague Restart. Upau wa chini ya skrini (taskbar) utapotea kidogo na kurudi. Jaribu kufuta papo hapo. Kama unalijua jina la faili la .dll linalogoma, fungua dirisha la amri (kitufe cha Windows na R, andika cmd, bonyeza Enter) uandike tasklist /m ikifuatiwa na jina la faili hilo, na utaonyeshwa ni nani aliyelipakia.

Cha tatu ndicho kinachosumbua zaidi: huduma. Huduma huanza pamoja na Windows bila kuonyesha dirisha lolote, ndiyo maana kuwasha upya hakusaidii kitu. Kila ukiwasha, nayo imeshaamka kabla yako.

Mfano wake unaofahamika sana hapa mjini ni modemu za USB. Kabla watu hawajazoea kurusha intaneti kutoka kwenye simu, laptopu nyingi zilichomekwa modemu ya laini, na nyingi zilitengenezwa na Huawei. Zilikuja na programu yake ndani, iitwayo Mobile Partner au iliyopewa jina la kampuni ya simu. Modemu imeshatupwa siku nyingi, programu imeondolewa, lakini ndani ya C:\ProgramData, folda ambayo Windows huificha, kumebaki folda iitwayo DatacardService yenye faili HWDeviceService64.exe. Hiyo ni huduma. Penginepo hukutwa pia ouc.exe, ambayo kazi yake ilikuwa kutafuta masasisho ya modemu. Laptopu iliyonunuliwa mkononi inaweza kuwa na mabaki haya bila mwenye nayo mpya kujua modemu hiyo ilikuwa ya nani.

Kuipata huduma ya aina hiyo, bofya kitufe cha Start kwa kulia na uchague Terminal (Admin), au Windows PowerShell (Admin) kwenye Windows 10. Andika mstari huu, ukibadilisha neno Datacard kwa sehemu ya jina la folda yako:

Get-CimInstance Win32_Service | Where-Object PathName -like "*Datacard*" | Format-List Name, State, PathName

Utapewa jina la huduma, hali yake na mahali faili lake lilipo. Hakikisha mahali hapo ni ndani ya folda unayotaka kuifuta, wala si kwingine. Halafu isimamishe na uiondoe, ukitumia jina lilelile ulilopewa kwenye Name:

sc.exe stop "HWDeviceService64.exe"
sc.exe delete "HWDeviceService64.exe"

Usisahau kuandika .exe baada ya sc. Ndani ya PowerShell ya Windows, sc peke yake ni amri nyingine kabisa, ya kuandika maneno ndani ya faili. Ukiambiwa huduma imewekewa alama ya kufutwa, funga dirisha la Services kama lilikuwa wazi, bofya Restart, na utakuta imekwenda.

Wenye steshenari wana tatizo lao la jirani na hili. Printa imebadilishwa, programu ya ile ya zamani imeondolewa, folda inagoma. Anayeishikilia mara nyingi ni huduma ya uchapaji ya Windows, iitwayo Print Spooler, ambayo bado imepakia draiva ya printa ya zamani. Huduma hii usiifute, bila yake hakuna printa hata moja itakayofanya kazi. Kwenye Terminal (Admin) andika printui /s /t2, na kwenye orodha itakayofunguka iondoe draiva ya printa isiyokuwepo tena. Ikikataa kwa kuwa inatumika, isimamishe huduma kwa net stop spooler na uiwashe tena papo hapo kwa net start spooler, kisha iondoe draiva kabla hujatuma kazi yoyote kwenye printa. Folda ikiendelea kugoma, simamisha spooler tena, futa folda, uwashe. Fanya hivyo wakati hakuna mteja anayesubiri nakala zake, kwa sababu spooler ikiwa imesimama hakuna karatasi itakayotoka.

Kufuta kwa amri

Mshikaji akishaondoka, folda nyingi hufutika kwa Delete ya kawaida. Hiyo ndiyo njia bora, kwa sababu kwa kawaida hupitia Recycle Bin na unaweza kurudisha ulichofuta. Amri hutumika pale Delete inapokataa, na kilichofutwa kwa amri hakipiti Recycle Bin.

Kosa baya kuliko yote hapa ni kuandika njia ya folda kwa mkono. Njia nyingi zina nafasi ndani yake, kama hiyo ya Program Files, na bila alama za kunukuu Windows huchukulia kilicho kabla ya nafasi na kilicho baada yake kuwa vitu viwili tofauti. Mtu anadhani anafuta folda ya Mobile Partner kumbe ameamuru kufutwa kwa folda nyingine iitwayo Mobile. Usiandike, nakili. Shikilia Shift, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Copy as path. Njia itanakiliwa ikiwa na alama zake za kunukuu, bila kukosewa hata herufi.

Fungua Terminal (Admin), andika cmd, bonyeza Enter. Bila hilo neno cmd utabaki ndani ya PowerShell, na amri ifuatayo itakataa. Kisha andika:

rd /s /q

acha nafasi moja, bandika njia uliyonakili, na kabla ya kubonyeza Enter soma mstari wote tena kwa sauti. Ukiona unaishia kwenye C:\Program Files au C:\Users bila jina la folda yenyewe baada yake, futa ulichoandika uanze tena.

Ikiwa ni ruhusa

Laptopu nyingi zilizotumika zilizoingia kupitia maduka ya mjini zina folda ambazo mmiliki wake ni akaunti iliyokwishafutwa. Windows inaona wewe ni mgeni. Nyingine ni za SYSTEM. Ndani ya dirisha lilelile la cmd, chukua umiliki kwanza, kisha jipe ruhusa, ukiweka njia ya folda yako badala ya hii ya mfano:

takeown /f "C:\ProgramData\JinaLaFolda" /a /r /d y
icacls "C:\ProgramData\JinaLaFolda" /grant *S-1-5-32-544:F /t /c

Zile tarakimu kwenye mstari wa pili ni namba ya kundi la wasimamizi. Nimeitumia badala ya jina la kundi kwa sababu namba haibadiliki hata kama Windows yako imekuja kwa Kifaransa au Kiarabu, jambo la kawaida kwa mashine zilizotoka nje zikiwa zimetumika. Herufi y kwenye mstari wa kwanza ndiyo jibu la ndiyo la Kiingereza, kwa hiyo kwenye Windows ya lugha nyingine huenda ukalazimika kuibadilisha. Baada ya hapo rudia rd.

Tafadhali, amri hizi mbili zisielekezwe kamwe kwenye C:\Windows, C:\Program Files nzima au diski C yote. Wako wanaofanya hivyo ili "wapate ruhusa zote mara moja". Wanachopata ni kompyuta isiyosasishika na programu zinazoanguka bila sababu inayoonekana, na kurudisha ruhusa zilivyokuwa ni kazi ngumu kweli. Hapo ndipo kupiga Windows upya kunapokuwa kweli hakukwepeki.

Jina lenye kasoro, au njia ndefu kupita kiasi

Folda ambayo jina lake linaishia na nafasi au nukta, au iliyopewa majina ambayo Windows imejiwekea yenyewe kama CON, AUX, NUL na COM1, haishikiki kwa njia ya kawaida. Weka alama \\?\ mbele ya njia ili Windows isilihariri jina kabla ya kulitafuta:

rd /s /q "\\?\C:\Program Files (x86)\JinaLaFolda "

Angalia ile nafasi kabla ya alama ya kufunga. Kama jina lina nafasi mwishoni, nayo lazima iandikwe.

Njia ndefu ni habari nyingine. Sehemu nyingi za Windows bado zinaishia kwenye herufi 260 kwa njia nzima ya faili, na programu za waandishi wa programu hujenga mafolda ndani ya mafolda hadi kupita hapo. Njia fupi ya kutoka ni kuingia ndani ya folda, kubadilisha majina ya mafolda ya juu kuwa herufi moja moja, a, b, c, hadi urefu upungue, kisha kufuta. Inachosha lakini ni salama. Wengine hutumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafolda, kuifanya folda lengwa ifanane na folda tupu, na inafanya kazi, ila ukikosea jina la lengo inasafisha folda isiyohusika bila kuuliza. Kwa mtu asiyezoea amri, sipendekezi.

Antivairasi ni kesi yake peke yake

Programu za kuzuia virusi hujilinda zisiondolewe, kwa sababu virusi navyo vingependa kuziondoa. Folda zake zitakataa resmon, zitakataa takeown, zitakataa kila kitu, na ndivyo zilivyokusudiwa. Usipambane nazo. Kaspersky, ESET, Avast na McAfee wote wana kifaa rasmi cha kusafisha mabaki ya programu yao, kinachopatikana bure kwenye tovuti zao. Pakua kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, siyo kwenye tovuti za kupakulia zinazojaa matangazo. Onyo hilohilo ni kwa vile vifaa vidogo vinavyodai kufungua folda yoyote iliyogoma: vingine huja vimefungasha programu nyingine usizoziomba.

Safe Mode, na jambo la kuhakikisha kabla ya kuingia

Kama huduma imekataa kusimama kwa njia zote, ingia Safe Mode, ambamo huduma nyingi za nje haziamki. Shikilia Shift huku ukibofya Restart. Fuata Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu bonyeza 4. Ukishaingia, futa folda, kisha Restart ya kawaida.

Ila simama kwanza. Kompyuta nyingi za Windows 11 diski zake zimefungwa kwa usimbaji, na ukipita njia hii unaweza kuulizwa ufunguo wa BitLocker, mfumo wa Windows wa kufunga diski, wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, hutaingia. Mara nyingi ufunguo huo unahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku kompyuta ilipoanzishwa, na hapa kwetu siku hiyo mara nyingi fundi wa dukani ndiye aliyeanzisha, akatumia akaunti yake au aliyoitunga palepale na kuisahau. Mtu anakuja kugundua hilo akiwa mbele ya skrini ya bluu, usiku, na kazi ya kukabidhi asubuhi. Kwa hiyo kabla ya Shift na Restart, fungua Terminal (Admin) uandike:

manage-bde -protectors -get C:

Ukionyeshwa tarakimu za ufunguo chini ya Numerical Password, ziandike kwenye karatasi uziweke mahali salama, au zipige picha kwa simu. Ukiambiwa hakuna vilinzi vyovyote, endelea bila wasiwasi.

Diski ikiwa ndiyo mgonjwa

Ujumbe wa kuharibika na kutosomeka hauhusiani na programu uliyoondoa. Ni orodha ya mafaili kwenye diski iliyovurugika, na kukatika kwa umeme katikati ya kuandika ni sababu mojawapo ya kawaida. Hamisha kwanza mafaili yako muhimu kwenda diski ya nje. Chomeka chaja au UPS. Kisha kwenye Terminal (Admin):

chkdsk C: /f

Jibu Y, bofya Restart, uiache imalize yenyewe. Kwenye diski kubwa ya kuzunguka inaweza kuchukua muda mrefu, na kuizima katikati ni kuongeza uharibifu. Ikimaliza, folda mara nyingi hufutika kwa kawaida. Ujumbe ukirudi tena baada ya siku chache kwenye folda nyingine, fedha uliyotaka kumpa fundi nunulia SSD, yaani diski mpya isiyozunguka.

Masalia madogo

Folda ikishaondoka, tafuta ndugu zake. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %appdata%, kisha rudia kwa %localappdata% na %programdata%, na uangalie kama kuna folda yenye jina la programu au la kampuni yake. Kampuni ikiwa bado ina programu nyingine unayoitumia, ingia ndani ufute ile folda ndogo tu. Fungua pia Task Scheduler uone kama kuna kazi iliyopangwa inayoita faili lisilokuwepo, maana ndiyo inayoleta kile kidirisha cha kosa kila ukiwasha kompyuta. Ibofye kwa kulia, chagua Disable kwanza, na Delete baada ya kuhakikisha hakuna kilichoharibika.

Jina la programu likiendelea kuonekana kwenye appwiz.cpl ilhali folda haipo tena, bofya Uninstall hapohapo. Kwa programu nyingi Windows itagundua kwamba kiondoaji hakipo na itakuuliza kama uliondoe jina kwenye orodha. Jibu Yes. Kwa hilo huna haja ya programu za kusafisha rejista, yaani daftari ambamo Windows huweka mipangilio yake.